Shakespeare alitajirika kwa kuuza vitabu?

Miyuji
Wanajukwaa, salaam. Wanafunzi wa kidato cha tano HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hapa Dodoma mjini wanaandaa bango la manila kuhusu maisha ya William Shakespeare. Tumekwama pawili: kuzaliwa, wengine wanaandika 23 Aprili, wengine 26, halafu wameandika kwamba "alitajirika kwa kuuza vitabu vyake". Ni kweli? Naomba tarehe na hesabu za uhakika.

Nkuhungu
Mwalimu, hilo la vitabu lifuteni. Enzi zile mwandishi akishauza tamthiliya kwa kundi la waigizaji, haikuwa mali yake tena, na ikichapwa faida ilimwendea mchapaji. Tamthiliya moja ilinunuliwa kwa paundi 6 hivi. Paundi ilikuwa na peni 240, na kiingilio cha kusimama uani kilikuwa peni 1. Kwa hiyo kazi nzima ililipwa sawa na viingilio vya watu 1,440, wakati Globe, ukumbi wa kundi lake huko London, unakadiriwa kuchukua hadi watu 3,000.

Utajiri wake ulitoka kwenye hisa, na hapa ndipo wanafunzi huchanganya, maana zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ni hisa ya kundi lenyewe, Lord Chamberlain's Men, tangu 1594. Ya pili ni ya jengo. Mkataba wa kiwanja cha ukumbi wao wa zamani uliisha na mwenye ardhi hakuelewana nao, basi mwishoni mwa 1598 waliubomoa, mbao wakazivusha mto Thames, na 1599 Globe ikasimama. Nusu ilikuwa ya ndugu wawili wa ukoo wa Burbage. Nusu ya pili waligawana waigizaji watano, Shakespeare akiwemo. Yeye akapata sehemu moja ya kumi. Wenye jengo walichukua nusu ya makusanyo ya viti vya ghorofani. Nusu iliyobaki na peni zote za uani zikawa za wabia wa kundi. Alikula pande zote mbili.

Mchoro wa mgawo huo ukae katikati ya bango, mkubwa kuliko habari za ndoa. Pembeni wekeni alivyonunua: nyumba ya New Place huko Stratford, mji alikozaliwa, 1597, ekari 107 za ardhi kwa paundi 320, 1602, haki ya kukusanya zaka kwa paundi 440, 1605. Angalieni miaka: nyumba ilitangulia Globe, msije mkaandika kwamba Globe ndiyo iliyomnunulia.

Ipagala
Daftari la kanisa la Stratford-upon-Avon linaonyesha ubatizo: 26 Aprili 1564. Ile 23 ni makadirio, na watu wameipenda kwa kuwa alifariki 23 Aprili 1616. Andikeni "alibatizwa", hakuna atakayewapinga.

Globe iliungua 29 Juni 1613. Mzinga uliofyatuliwa ndani ya onyesho ulishika paa la nyasi. Walipojenga upya wakaezeka vigae.

Miyuji
Asanteni sana. Na kati ya 1585, mapacha wake walipobatizwa, na 1592?

Ipagala
Acheni pengo, na mliandike wazi kuwa ni pengo. Hakuna hati inayosema alikuwa akifanya kazi gani. Ile hadithi ya kukimbia baada ya kuwinda kwa wizi katika shamba la tajiri ilienea baada ya kifo chake, msiitie. Mwaka 1592 anajitokeza London kwa sababu mwandishi mwenzake, Robert Greene, alimshambulia kwa maandishi. Baada ya hapo tauni ikafunga kumbi, naye akageukia mashairi marefu, yaliyochapwa 1593 na 1594.

Nkuhungu
Msisahau 1623. Waigizaji wenzake Heminges na Condell walikusanya tamthiliya 36 katika kitabu kimoja, na 18 kati ya hizo hazikuwa zimechapwa kabla. Mwenyewe alikuwa kaburini miaka saba. Kwa kuwa ni HKL, mstari wa miaka uendelee hadi 1963, Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar, na 1969, alipotoa Mabepari wa Venisi, yaani The Merchant of Venice.