Mrejesho: kiuno kilichonishika nikishusha magunia

Wakuu, ni yule wa Ngamiani, Tanga, niliyeuliza kama nikapige eksirei baada ya kiuno kunikamata nikishusha magunia ya nazi. Ahsanteni mno.

Nilikwenda zahanati mlivyonisukuma. Daktari hakukimbilia picha. Aliuliza kama mkojo unanitoka bila kujijua, kama nina ganzi sehemu za siri, homa, kukonda, miguu kukosa nguvu. Vyote hapana. Akanilaza chali, akainua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka, akagonga magoti kwa kinyundo. Akasema hakuna dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa, eksirei isingebadili tiba. Akanipa ibuprofeni ya siku chache, nimeze baada ya kula, na akanikataza kushinda kitandani.

Uliyesema nitembee, Mwenyezi Mungu akulipe. Jioni naenda taratibu hadi Raskazone, na sasa nasujudu bila kiti. Gunia zima bado siliwezi, napunguza nusu. Mkanda wa kiuno, mh, kwa joto hili la Tanga niliambulia vipele tu, nimempa shemeji.

Nimeambiwa nirudi haraka mguu ukianza kufa ganzi au mkojo ukigoma.