Mashine ya kulishia vifaranga vya samaki: inafaa kwa Pemba?

Mwalimu_Micheweni:
Assalamu alaykum wana jukwaa. Nalea vifaranga vya perege kwenye matangi ya saruji. Wanataka kula kidogo kidogo kutwa nzima, na mie mchana niko skuli. Namwachia mdogo wangu, lakini akiitwa mpirani anamwaga chakula chote kwa mpigo. Jioni nakuta unga umelala chini, maji yananuka. Muuzaji mmoja ananishawishi mashine ya betri yenye saa, eti "unaweka na kusahau". Ninunue?

BintiPwani:
Waalaykum salaam mwalimu. Vifaranga wana ukubwa gani? Hao wa perege wakishamaliza kiini cha yai wanachozaliwa nacho wanakula unga, kwa hiyo mashine inawezekana. Ingekuwa mwatiko wachanga, wale samaki wa baharini, ningekukataza. Wale huanzishiwa viumbe hai vidogo vya majini, rotifa kisha artemia, ndiyo maana watu hungojea wakomae kidogo kwenye kituo cha kuzalishia vifaranga kama pale Beit el Ras, Unguja, kuliko kuwalea nyumbani tangu yai.

Mwalimu_Micheweni:
Urefu wa ukucha wa kidole gumba, bi dada.

FundiChake:
Basi sikiliza, sheikh. Shida ya hizo za betri kwetu huku ni unyevu. Chakula cha vifaranga ni unga laini. Masika ukivuta maji unagandana mdomoni mwa faneli. Mota unaisikia inazunguka, lakini hakishuki kitu. Ukigonga ndo unaporomoka wote, umerudi kule kule kwa mdogo wako.

Tafuta ile ya mkanda. Ina springi ya kutia ufunguo kama saa za ukutani za zamani. Unatandaza unga juu ya mkanda, springi inauvuta taratibu kwa saa 12, unga unadondokea ukingoni kidogo kidogo. Umeme ukikatika haina habari. Ila upepo wa chumvi unakula springi, ipake grisi. Na tandaza chakula cha siku hiyo tu.

Mzee_wa_Dema:
Kusahau? Huyo muuzaji hajafuga! Alfajiri hewa ndani ya maji huwa kidogo, samaki wako juu wanatweta, na mashine inaendelea kumimina tu. Macho ya mtu lazima. Na mkanda hauoni kama wamekua: vifaranga wadogo hula kama 10% ya uzito wao kwa siku, kiwango kinashuka wakikua. Wapime kila wiki, la sivyo unanunua chakula cha kuozesha maji.

Mie ningeanza na vikopo. Pima asubuhi, kila kikopo mlo mmoja, mwachie kijana. Kikopo kikibaki utajua alikuwa mpirani.

BintiPwani:
😂 Atavimwaga vyote saa kumi, mzee.

Mwalimu_Micheweni:
Huyo namjua, atavimwaga kweli. Fundi, mkanda niutie ufunguo usiku pia?

FundiChake:
Hapana. Perege wanataka mwanga kutafuta chakula. Tia ufunguo baada ya jua kuchomoza na umeshawaona wako sawa, unga uwe umekwisha kufikia magharibi. Na mashine iezekee kipande cha bati, mvua isiugeuze uji.

Mwalimu_Micheweni:
Naanza na tangi moja, mengine vikopo. Fundi, hiyo mashine ya mkanda naweza kuipata Chake Chake, au niagize Unguja?