Huyu bwana wa dawa za mifugo kampaka simbilisi wa mwanangu OILI CHAFU usoni!!!

Bi Mkunazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata baibui sijavua. Mikono inatetemeka. Kama nimekosea herufi nisameheni.

Mnamjua. Msiniulize nani. Yule yule wa dawa za mifugo pale Tanga mjini, anayekuuzia dawa moja ya minyoo kwa kuku, mbwa, ng'ombe na mgonjwa wako wa nyumbani ukimlegezea. Kila anayefuga kuanzia Duga mpaka Pongwe keshatoa hela yake mle. Simtaji, na nyie msimtaje.

Nimempelekea Kashata. Kashata ni simbilisi wa mwanangu, yule mnyama mdogo wa kufugwa anayefanana na panya mnene, ana miaka 2, rangi ya karanga, paji jeupe. Wiki ya pili hii ana kibaka kilichoanzia puani. Kikawa duara, manyoya yakapukutika, ngozi ikatoa magamba makavu kama ukoko wa wali uliokwanguliwa. Juzi kikapanda mpaka pembeni ya jicho. Mwanangu yuko darasa la tatu. Kamfunga Kashata kwenye leso yake ya Idd, ambayo hata mimi hanikubalii kuishika, tukapanda bajaji.

Huyo bwana hakumshika. Hakumtazama mara mbili. Kainama chini ya meza, kavuta kopo la rangi, KACHOVYA KIDOLE. Kidole, wakuu! Si pamba, si kijiti. Kampaka usoni, puani na pembeni ya jicho. Oili chafu ile inayomwagwa gereji, nyeusi tititi, inanuka injini ya fuso. Kashata akapiga ukelele ambao nahisi Pemba wameusikia. Yeye anacheka: "Panya huyu. Akifa si mnaokota mwingine jalalani?"

Halafu kidole akajifutia kwenye leso ya mwanangu.

Nasema tena. Akajifutia kwenye LESO YA MTOTO. Mbele ya mtoto. Mbele ya wateja watano waliokuja kununua pumba na wote wakacheka.

Akanidai elfu tatu.

Mimi sikwenda pale sijui kitu. Najua simbilisi hajitengenezei vitamini C mwilini, kama sisi binadamu tu, ndiyo maana hoho na mapera hayakosekani kwangu hata wiki ambayo nyama inakosekana. Najua kile kibaka ni fangasi. Nilitaka krimu! Nikamwambia "naomba krimu ya fangasi", akanijibu kwa kidole. Sijamaliza, lakini wacha kwanza nimtoe huyu mnyama hiyo lami.

Kijogoo wa Makorora

Siti ya mbele. Nakuja na kahawa, kashata mtanisaidia nyinyi.

Bi Mkunazi

Kijogoo, usinichezee leo. Mtoto bado analia.

Pweza Mkavu

Dada, simbilisi si ndiyo wale wa Njombe na Iringa? Kule ni kitoweo. Nimewala na ugali wa moto, nyama laini kama sungura. Hapo umelipia viungo tu.

Bi Mkunazi

Ndiyo, katoka Njombe, kaletwa na baba yake mdogo mtoto. Na wewe Pweza kuku unamla, lakini ukimpeleka kuku wako akatibiwe, mtu akampaka lami ya gereji na kujifutia kwenye nguo ya mwanao, utacheka? Jibu hilo, usinikwepe.

Mzee Nahodha

Mwanangu, poa moyo. Lakini oili chafu marehemu baba kaipaka mbuzi miaka 30 na ukurutu uliisha. Huyo bwana kakosa adabu, hakukosa dawa. Kuitoa ni rahisi, paka mafuta ya taa.

Tabibu wa Zizini

MAMA USIMPAKE MAFUTA YA TAA! Mzee Nahodha shikamoo, lakini hapo hapana.

Mimi ni daktari wa mifugo, niko mbali na Tanga kwa sasa. Fanya hivi haraka: maji vuguvugu, tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sugua taratibu kwa vidole, linda jicho, suuza mpaka maji yatoke safi. Kisha mkaushe mpaka ndani ya manyoya. Usimwache mbichi kwenye upepo, simbilisi akishikwa na baridi mapafu hayamchukui muda. Asilambe ile oili. Ina mabaki ya madini ya injini, na mnyama mwenyewe mzima ana gramu 700 mpaka 1,200 tu. Kinachomchosha tu mbuzi, huyu kinamuua.

Ukishamaliza niambie: anajikuna sana au kidogo? Mwenzie yupo?

Bi Mkunazi

Nimemwosha mara 3, maji ya tatu bado yana weusi. Nimemfunga kwenye kanga yangu nzuri, maana leso haifai tena, ina alama ya kidole kizima, hata michirizi ya ngozi yake yule bwana inaonekana. Nimeifua kwa sabuni ya mche, haitoki. Mtoto kaiona kwenye kamba kaanza upya kulia.

Hajikuni sana. Mwenzie yupo, jike, Visheti. Alikuja mwezi uliopita, mzima, manyoya yanang'aa. Na nadhani ana mimba.

Tabibu wa Zizini

Basi huenda kaja nayo Visheti. Hawa mara nyingi hubeba kuvu, yaani huyo fangasi, bila alama yoyote mwilini, halafu mwenzao anayelala naye ndiye anayetokwa na mabaka. Kuvu mwenyewe kwa simbilisi kwa kawaida ni *Trichophyton mentagrophytes* au ndugu zake wa karibu, na huanzia palepale ulipopaona: pua, macho, masikio, kisha mgongoni. Angekuwa anajikuna mpaka anaanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa ningesema ni wadudu wa ukurutu, na hao dawa yao ni ivamektini kwa kipimo cha daktari. Huyu ni fangasi. Uthibitisho kamili ni kung'oa manyoya ya ukingo wa kibaka na kukwangua magamba yakaangaliwe kwa darubini au kuoteshwa maabara. Mtu akimmulika kwa taa ya zambarau asione kung'aa, asikwambie si fangasi. Huyu kuvu kwa kawaida hang'ai.

Krimu uliyoiomba ndiyo sahihi. Klotrimazo au mikonazo, hata ya binadamu ya duka la dawa. Punguza manyoya kuzunguka kibaka, paka nyembamba mara 2 kwa siku, pitiliza kidogo nje ya duara. Mshike robo saa huku anatafuna kitu ili asilambe. Angalau wiki 4, mara nyingi zinafika 6. Manyoya yakianza kuota usisimame, endelea. LAKINI soma kopo: ikiwa ndani kuna betamethasone au steroidi nyingine yoyote, usiinunue. Wekundu utapoa siku mbili, kuvu atashangilia. Mabaka yakienea mwili mzima anahitaji itrakonazo ya kunywa, na hapo lazima apimwe uzito kwanza. Visheti asipewe griseofulvini, dawa nyingine ya fangasi, kabisa kama ana mimba, inaharibu watoto tumboni.

Na kitu kimoja kwa wote mnaosoma: mtu asiwape simbilisi amoksilini wala penisilini ya kunywa. Inaua bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wanatamalaki, mnyama anahara na kufa kwa siku chache. Nimeshaletewa maiti za namna hiyo.

Bi Mkunazi

Daktari Mungu akuweke. Kwa hiyo KRIMU. Nilisema krimu! Mwanamke kasimama dukani kataja dawa sahihi kwa jina, kajibiwa kidole cha oili! Na leso! Naona kidole kile kinashuka kwenye leso kila nikifumba macho.

Swali jingine daktari. Mtoto ana duara mkononi, ndani ya kiwiko, limeinuka pembeni, katikati jeupe. Nilidhani mbu.

Tabibu wa Zizini

Hicho ni choa, yaani fangasi ya ngozi, kwa maelezo hayo, na kinatoka kwa Kashata. Kampeleke hospitali aangaliwe, kinatibika vizuri. Wewe vaa glavu ukimpaka dawa, nawa kwa sabuni, mtoto asimkumbatie shingoni kwa sasa. Nyasi za kulalia zote choma. Kizimba kisugue, kisha jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9 juu ya mbao iliyokwisha safishwa, acha dakika 10, suuza, anika juani. Mbegu za kuvu zinakaa kwenye mbao na mazulia miezi mingi, mtu anatibu mnyama wiki 6 kisha anamrudisha kwenye kizimba kilekile anashangaa. Hilo joto lenu la Tanga na unyevu wa masika ni karamu kwake. Kizimba kipate upepo, nyasi zisilale mbichi. Visheti mtenge, naye apakwe pale utakapoona hata upele mdogo.

Kijogoo wa Makorora

Bi Mkunazi nisamehe utani wangu wa mwanzo. Sikujua mtoto kaambukizwa.

Lakini nikwambie, kidole kile nakijua mimi. Kidole kile kile ndicho kilichonitolea chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, ndani ya mfuko wa rambo, kipande cha barafu hakuna, saa saba mchana. Kuku 40! Asubuhi ya siku ya tisa nimeamka nimekuta 31 miguu juu. Nikarudi, akaniambia "kuku wako walikuwa na kijicho cha jirani".

Mama Ukoka

Weee! Kumbe tuko wengi? Mimi aliniambia nichanje mara moja tu maisha. Wakati ile chanjo ya tone la jicho inarudiwa kila miezi 3, kila mtu anajua isipokuwa mimi na yeye.

Pweza Mkavu

Kijogoo kuku 31 ulifanyaje? Usiniambie uliwauza, maana mwezi ule nilikula chipsi kuku Barabara ya 12 nikalala chooni.

Kijogoo wa Makorora

Niliwafukia, Pweza! Mtu wa dini mimi.

Mzee Nahodha

Kijogoo, uliwafukia wapi? Maana nyuma ya nyumba yangu kulichimbwa shimo mwaka huo na mpaka leo mbwa hawaishi pale.

Bi Mkunazi

Jamani turudi kwenye leso. Kesho namrudia pale, naibeba, namwekea mezani mbele ya wateja. Nani anakuja na mimi?

Mama Ukoka

Mpenzi ningekuja, kesho nina mgeni. Lakini kwa kuwa tumeshataja majirani: Kijogoo, wale 9 waliobaki, yupo jogoo mmoja kati yao mwekundu? Anawika saa nane usiku. Saa NANE. Si alfajiri. Anaanza, anapumzika, nikipata lepe anaanza tena. Mwezi wa nne huu sijalala. Mume wangu anaamka anatawadha akidhani kumekucha.

Kijogoo wa Makorora

Mama Ukoka huyo si wangu. Wangu ana adabu, anawika saa kumi na moja na dakika zake. Muulize Nahodha.

Mzee Nahodha

Mimi jogoo wangu nilimchinja Maulidi. Huyo wa saa nane hata mimi ananiamsha, nilidhani ni wa Mama Ukoka mwenyewe.

Mama Ukoka

Wangu?! Mimi nafuga bata!

Pweza Mkavu

Mnakaa mtaa gani nyinyi? Maana na huku Mikanjuni kuna mmoja anawika saa hizo hizo, na hatujui ni wa nani.