Tupeane uzoefu: Ulienda kula na marafiki "mara moja tu", ukarudi alfajiri

#1 (mleta mada)

Wakuu, salama?

Juzi Jumanne tulikutana wanne kwa chakula cha usiku. Hakuna sherehe, hakuna aliyepandishwa cheo. Mwenzetu mmoja alituma ujumbe jioni, "Nimepika kingi, njooni mnisaidie," basi. Nikatoka na kaptula, ndala na ufunguo mmoja mkononi. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda mara moja.

Hiyo "mara moja" iliisha saa kumi na moja alfajiri.

Kula tulimaliza saa tatu, vyombo tukaosha, saa nne kasoro tukaaga. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mnajua watu wanavyoaga: mezani, sebuleni, mlangoni, kisha mwenyeji anasema ngojeni niwasindikize hadi barabarani. Barabarani tukasimama. Mmoja akaanza kisa cha bosi wake, kisa kikawa kirefu, miguu ikachoka, mtu akasema tusogee pale pembeni tukae dakika tano amalizie. Pale pembeni kulikuwa na muziki. Kisa cha bosi mpaka leo sijui kiliishaje.

Kwenye saa saba hivi, katikati ya wimbo, kamba ya ndala ikachomoka. Nikawa nachechemea nikitafuta ukuta. Dada mmoja nisiyemjua akachomoa pini ya nywele kichwani kwake, akaivuta ile kamba ikapita kwenye tundu, akaipitisha pini kwa chini ya soli, akaniambia, "Kanyagia mbele, usitumie kisigino," halafu akarudi kucheza. Sura yake siikumbuki. Pini ninayo, bado iko kwenye ndala.

Sasa leteni za kwenu. Za usiku uliopangwa sizitaki. Nataka ile dakika yenyewe mambo yalipogeuka.

#2

Naweka kiti hapa. Nina kesi ya kuendana na hii ila mhusika yumo humu ndani, acha kwanza nimwombe ruhusa.

#3

Yangu iligeuzwa na mlango.

Nilialika watu watano. Wamekula, wameshiba, mmoja anataka kuwahi kulala. Tukatoka wote kumsindikiza hadi getini. Upepo ukapita, nikasikia *taa!* Mlango wangu ukishajibamiza haufunguki kwa nje bila ufunguo, na ufunguo uko mezani kando ya chupa ya maji. Simu yangu nayo iko ndani inachajiwa. Nashukuru jiko nilikuwa nimeshazima.

Fundi wa vitasa akapigiwa kwa simu ya mgeni. Akasema yeye usiku hatoki, tumtarajie saa kumi na mbili asubuhi. Watu sita tukatazamana. Yule aliyetaka kuwahi kulala ndiye aliyesema, "Sasa si tutembee tu?" Nawaambieni kweli, watu wa kuwahi kulala muwaogope.

Tulitembea, tukakaa ukingoni mwa barabara, tukatembea tena, mwishowe tukaingia ukumbi fulani wa muziki. Baunsa akawakagua wenzangu mmoja mmoja. Mimi akanipisha bila neno. Nikajiona nina nyota. Nilipofika ndani ndipo nikagundua bado nimevaa aproni, na mfukoni mwake umechomoza mwiko. Alidhani natoka jikoni kwao. Haikupita nusu saa, mteja wa meza ya pembeni akanishika mkono: "Dada, maji yangu vipi?"

#4

Dah, mwiko! Nimecheka hadi mtoto kaamka.

#5

Mimi ndiye yule asiyekunywa, kwa hiyo ndiye dereva wa kudumu. Na nina malalamiko.

Chakula kile tulikubaliana kiishe saa nne. Saa nne ikawa sita, sita ikawa nane. Kila nikitikisa funguo naambiwa "wimbo huu tu". Mnaokunywa huwa mnadhani shida ya barabarani ni pombe peke yake. Mimi siku ile nilikuwa macho tangu saa kumi na mbili asubuhi. Watafiti walishawapima watu: ukikaa macho saa 17 mfululizo, umakini wako unashuka ukafanana na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu kuendesha nacho. Hesabuni wenyewe. Kwangu mimi saa hizo 17 zilitimia saa tano usiku, na sikuwa nimegusa hata tone.

Tukaondoka saa tisa. Mbele kidogo nikashtuka gari liko kwenye mstari wa katikati, na sikumbuki lilivyofika pale. Nikaegesha mahali penye taa, nikazima, nikalaza kiti. Kelele zilizotoka nyuma! Mmoja akasema ninywe kahawa. Kahawa itakuchangamsha kiasi, lakini usingizi unaodaiwa unabaki palepale, na kwa mlevi ndiyo kabisa haiondoi pombe. Ini lina mwendo wake, kama kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, na halisikii maombi ya mtu.

Tuliamshwa na mlinzi akigonga kioo na kirungu, jua limeshatoka. Wote watano tumekoroma humo humo. Nyuma kuna mtu alikuwa amekumbatia bakuli la mabaki tuliyofungashiwa, kama mtoto na mwanasesere.

#6

#5 umesema kweli kaka. Ila sisi tunaobaki nyumbani nani anatuuliza?

Mume wangu alinitumia "tunakula tu, narudi" saa mbili na dakika kumi. Saa nne nikajibu, tiki mbili. Saa sita nikajibu, tiki moja. Hiyo tiki moja nimeitazama hadi saa kumi. Kwa muda huo nimeshamzika, nimeshamfufua, nimemwoza mke mwingine, nimemtaliki. Anaingia ananuka moshi, anacheka peke yake, ananiambia simu ilizima chaji. Watu saba mezani, na simu zote saba zikazima?

Usiku wenyewe simkatazi, hata mimi huwa nachelewa. Nilichotaka ni maneno matatu: niko salama, usinisubiri.

#7 (mleta mada)

Dada #6 umenigusa pabaya. Nimeusoma huu ujumbe na mtu wangu yuko pembeni yangu. Ameguna tu.

#8

Mimi ni fundi mitambo ya muziki. Siku yangu ya mapumziko ni moja kwa wiki, na nililolitaka siku ile ni kula kwa utulivu na watu wasiopiga kelele.

Tumetoka kula, tukapita mahali spika inakoroma. Nikakunja uso kidogo tu. Rafiki yangu akaniona, akaingia, akawaambia wenyewe, "Tuna fundi hapa nje." Ndiyo ikawa dakika yangu hiyo. Nikaenda kupiga magoti nyuma ya spika na tochi ya simu mdomoni. Waya ulikuwa umelegea, kazi ya dakika kumi, lakini baada ya hapo tukakatazwa kuondoka.

Nichomekee la kikazi. Zile kelele za "wiiii" masikioni mkifika kitandani msizione ni kumbukumbu nzuri ya muziki. Ni sikio linalalamika. Vipimo vya usalama kazini tunavyovifuata sisi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15, na kumbi nyingi za usiku hufika huko. Sisi wa kazi hii hutembea na vizibo. Nyinyi mliotoka na ndala angalau msisimame mbele ya spika, na mtoke nje mara kwa mara.

#9

Nitawaharibia kidogo. Mimi ni yule aliyerudi mapema.

Tulikuwa sita. Nilikuwa na kazi asubuhi, nikaondoka saa nne, nikawaacha wanapanga vyombo. Nikalala vizuri. Asubuhi nafungua grupu nakuta picha 114. Sijazitia chumvi, nilizihesabu. Hadi leo, ni mwaka wa pili huu, mtu akisema "kama ule usiku" wote watano wanaangua kicheko, mimi natabasamu. Nimeshaelezwa kilichotokea. Nakijua chote kwa mpangilio, nani alianguka, nani aliimba. Lakini hakinichekeshi.

Nimejaribu kuwaalika tena, watu wale wale, sebule ile ile. Tumekula. Saa nne kila mtu akapiga miayo akaenda kwake.

#10

#9 pole sana. Hiyo haitafutwi bwana. Sisi tulijaribu kuirudia kwa ratiba kabisa, mpaka mtu kachangisha. Saa tano tulikuwa tumekaa kimya kila mtu na simu yake.

#2

Nimemwomba ruhusa mhusika. Amekataa.

#11

Dada wa aproni, #3, usitukimbie. Yule mteja aliyeomba maji, alipewa?

#3

Alipewa. Nilienda kaunta nikayachukua mwenyewe, nikamfutia na meza. Akaniachia tipu.