Tupeane uzoefu: Monopoly huwa inagombanisha watu wapi hasa?

Mshika Benki
Wakuu, tupeane uzoefu wa Monopoly, ule mchezo wa mezani wa kununua viwanja na kutoza pango wanaotua kwako. Natumia bei za toleo la Marekani, lile la kuanza na dola 1,500 kila mtu. Kwangu tatizo la kwanza ni mnada. Mtu ametua kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe, kasema hakitaki, basi dadu inapewa mwingine. Sivyo. Benki inakipiga mnada palepale, kuanzia bei yoyote, na hata aliyekikataa anaruhusiwa kupanda dau. Mkiruka mnada viwanja vinakaa bila mwenyewe na mchezo unakesha.

dadu mbili
Kinachokesha ni hela za Maegesho ya Bure, zile faini mnazorundika katikati azoe atakayetua kwenye hicho chumba.

Mpangaji Sugu
Acheni roho mbaya. Faini zikirundikwa katikati ndizo humwokoa aliyeishiwa.

dadu mbili
Ndiyo shida yenyewe mkuu. Faini inatakiwa irudi benki. Mchezo unaisha watu wakifilisika, sasa nyie mnawaokoa hadi saa nane usiku.

Kona ya Jela
Shikeni kundi la viwanja vya rangi ya chungwa. Kutoka jela, viwanja vyake viko hatua 6, 8 na 9 mbele. Dadu mbili zina michanganyiko 36, na 14 inamwangusha mtu pale moja kwa moja. Nyumba ni dola 100. Msiishie nyumba mbili: New York Avenue, kimojawapo cha chungwa, ikiwa na nyumba mbili inadai pango la 220, ikiwa na tatu linaruka hadi 600.

Hotelini
Halafu hoteli haraka.

Kona ya Jela
Thubutu! Sanduku lina nyumba 32 tu. Kundi la viwanja vitatu ukilijaza nyumba nne nne umefungia 12. Ukiwa na makundi mawili hivyo, meza nzima inagombania 8. Ukipanda hoteli, zile nyumba nne unazirudisha benki, jirani anazibeba.

Hotelini
Kadi ya matengenezo ya barabara ikikukuta na hizo nyumba 12, dola 40 kila moja, 480 hizo. Hoteli tatu ni 345. Haya jibu.

Kona ya Jela
Kadi moja kati ya 16. Nitalipa.

Karani wa Hati
Mnabishania vijisenti, ugomvi wenyewe uko kwenye kufilisika. Chukueni mtu mwenye chungwa zote tatu, nyumba tatu kila kimoja, mkononi 300. Anatua Boardwalk, kiwanja cha mchezaji mwingine chenye nyumba tatu: pango 1,400. Nyumba zake tisa benki inazichukua nusu bei, 50 kila moja, anapata 450. Anaweka rehani viwanja: 90, 90 na 100. Jumla ana 1,030. Kwisha. Hapo ndipo watu huharibu: anamgawia rafiki yake kiwanja kimoja "kwa kumbukumbu", au benki inazoa vyote. Hapana! Anayedaiwa na mchezaji, fedha na hati vyote vinakwenda kwa anayemdai. Naye anayepokea analipa benki asilimia 10 ya rehani palepale, hapa ni 28. Akichelewa kukomboa, siku ya kukomboa anatoa deni lote na asilimia 10 nyingine. Viwanja vya aliyefilisika benki inavipiga mnada pale tu inapodai yenyewe, kama kodi au kadi.

Mpangaji Sugu
Duh. Kumbe yule wa Boardwalk anaondoka na chungwa zote?

Karani wa Hati
Tupu, bila nyumba. Lakini zote.

dadu mbili
Na kukopeshana je?

Karani wa Hati
Marufuku. Mkopo ni rehani ya benki tu. Kubadilishana viwanja ruksa, ila kundi lenye nyumba hata moja haliuziki mpaka nyumba zirudi benki.

Hotelini
Jela mnatoka lini?

Mshika Benki
Mwanzoni lipa 50 utoke ukanunue.

Kona ya Jela
Viwanja vikiisha, lala humohumo. Pango la viwanja vyako unapokea kama kawaida, ila shemeji asikuone unacheka.