Tupeane uzoefu: kuandaa mkutano wa mwaka wa watu wa huduma za mazishi

Mwanzilishi, Lubumbashi

Ndugu zangu wa kazi hii, mlioko Lubumbashi, Goma, Bukavu na kwingineko hapa Kongo, ninawaomba kila mmoja aliyewahi kushika sehemu yoyote ya maandalizi ya mkutano wetu wa mwaka aeleze aliyoyaona kwa macho yake. Ninaposema watu wa mazishi simaanishi wenye maduka makubwa peke yao. Ninamaanisha pia seremala wa masanduku, dereva wa korbiyari, yaani gari la kubeba maiti, mlinzi wa morge, yaani chumba cha maiti, mama anayeosha na kuvalisha miili, mchimba kaburi, mwenye kukodisha viti na hema la kilio, na yule anayesuka mataji ya maua.

Nianze mimi. Mkutano wa kwanza niliousimamia hapa ulikuwa wa siku 2, nami niliuweka tarehe 31 Julai na 1 Agosti, kwa kuwa ni kiangazi, barabara ni kavu, na tarehe 1 ni sikukuu ambayo ofisi zimefungwa. Sikuupa uzito ukweli kwamba 1 Agosti ni siku ya wazazi, ambapo asubuhi familia huenda makaburini kufyeka nyasi, kupaka chokaa na kuwawekea maua waliotangulia, kisha mchana hurudi kukaa na wazazi walio hai. Kwa wauza maua na wachimba kaburi hakuna siku yenye kazi kuliko hiyo, na mimi niliwaita wakae ukumbini. Tulikodi viti 80. Asubuhi ya pili tulikaa watu 11.

Kosa la pili ndilo linaloniuma hadi leo. Siku ya kwanza nilitaka wote wahudhurie, hata kijana anayebaki dukani usiku, kwa hiyo nikafunga mlango wa duka langu na kubandika karatasi. Familia moja ya Katuba, sehemu mojawapo ya mji wetu, ilifika saa nne asubuhi ikitafuta sanduku la mtoto, ikasoma karatasi ile, ikaketi kwenye ngazi hadi jioni kwa sababu haikuwa na nauli ya kuzunguka mji. Nilipowakuta sikuwa na neno la kuwaambia. Niliwahudumia usiku ule, na baada ya kilio nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, nao walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Wenzetu wa Marekani, ambao chama chao cha National Funeral Directors Association kilianzishwa mwaka 1882, hukutana kila mwaka, na mwaka 2020, Covid-19 ilipozuia mikusanyiko, walikutana kwa njia ya intaneti badala ya kuuacha mwaka upite. Ninawataja kwa sababu na mimi ninaamini kwamba kukutana ni lazima. Lakini baada ya yale ya Katuba, neno la kwanza kwenye daftari langu la maandalizi si ukumbi tena, ni zamu. Nielezeni ninyi mlipangaje.

Mwenye nyumba ya mazishi, Goma

Mzee, nakushukuru kwa kutoficha. Na mimi nitaeleza letu.

Mkutano wetu ulipangwa kufanyika Ijumaa tarehe 4 Oktoba 2024. Wenzetu wa Bukavu walikuwa wameshavuka Ziwa Kivu tangu Jumatano, na Alhamisi asubuhi tulikuwa tukipanga masanduku ya maonyesho ukutani, habari ilipokuja kwamba boti lililotoka Minova limezama karibu na bandari ya Kituku hapa Goma, watu wakiona kutoka ufukweni. Hakuna aliyeuliza kama mkutano utaendelea. Katibu wetu alichukua daftari la washiriki, akasimama mlangoni, akaanza kuwagawa.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya daftari lile. Mama aliyeliandaa alikuwa amekataa kuandika jina na namba ya simu tu. Alimwuliza kila mshiriki anafanya kazi gani hasa, ana gari au hana, ana masanduku mangapi yaliyokamilika na ya vipimo gani, na ni jirani yupi anayeweza kumwita simu yake ikizimika. Wakati wa kuandikisha tuliona anatuchosha. Alhamisi ile, kwa muda usiozidi saa moja, tulijua nani aende ufukweni, nani akae na familia mbele ya vyumba vya maiti, na nani arudi karakana kukata mbao. Masanduku ya maonyesho yote 9 yalizikiwa watu. Fedha za chakula tulizitoa zikawa mafuta ya magari, na wafadhili wetu wadogo tuliwaandikia baadaye, hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kuna familia ambazo hazikupata mwili wa kuzika, nazo pia zilihitaji viti, hema na mtu wa kukaa nazo. Jambo hilo hatukuwa tumelifikiria kabisa katika kazi yetu.

Mwenye ukumbi alitudai siku zile 2. Mkataba haukusema lolote kuhusu kuahirisha, ingawa tungepaswa kuwa tumejifunza tangu Mei 2021, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 na siku 5 baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Sasa tunaandika kwa maneno yaliyo wazi kwamba, likitokea janga, malipo ya awali yatahamia tarehe nyingine. Ukumbi usiokubali sharti hilo tunauacha, hata kama ni mzuri.

Seremala wa masanduku, Kadutu, Bukavu

Nitazungumzia ukumbi, kwa sababu nililowesha kazi ya miezi 2 kwa ajili ya neno moja katika barua.

Kamati yetu iliogopa kwamba hoteli itakataa, ikaandika kwamba tutakuwa na “maonyesho ya vifaa”. Lori letu likafika likiwa na masanduku 14. Siku hiyohiyo bustani ya hoteli ilikuwa na karamu ya arusi. Mwenye hoteli alipoona kinachoshushwa alifunga lango, na mimi, ingawa yalikuwa masanduku yangu, ninasema alikuwa na haki: ni nani angependa bibi arusi apite katikati ya majeneza? Dereva alikuwa na safari nyingine, akatushushia mzigo kando ya barabara. Mvua ikaanza. Wapita njia waliona masanduku 14 yamepangwa mstari mmoja, wakaamini kwamba kumetokea maafa ambayo bado hayajatangazwa, na akina mama wawili wakaanza kulia kwa sauti, mmoja akitaja jina la mwanawe aliyekuwa safarini. Tulichukua muda mrefu kuwatuliza. Jioni padre mmoja alitufungulia ukumbi wa shule.

Tangu siku hiyo barua inasema “masanduku ya maiti”, tunauliza ni shughuli gani nyingine ipo siku hiyo, na tunaomba mlango wa nyuma. Zaidi ya hapo, nimeacha kubeba masanduku mazima. Ninatengeneza kona ya sanduku yenye urefu wa sentimita 40, upande mmoja nikiacha mbao wazi ili fundi mwenzangu aone jinsi nilivyounga, upande wa pili nikipaka vanishi na kufunga kishikio. Kona 10 zinaingia katika gunia 1, na mteja anaelewa tofauti ya mkaratusi mbichi unaopinda na mbao iliyokaushwa vizuri kuliko alivyokuwa akielewa kwa kutazama sanduku lililofungwa.

Neno moja kwa kamati zote: masanduku ya watoto yasiwekwe katika maonyesho kabisa. Ukumbini mna wazazi, na wengi wetu tumezika wa kwetu pia.

Dereva wa korbiyari, Lubumbashi

Kuhusu zamu, sisi tuligawa kwa komini, yaani sehemu za utawala za mji. Kenya pamoja na Kamalondo, Katuba peke yake kwa kuwa ni kubwa, Kampemba pamoja na Ruashi, na komini za Lubumbashi na Annexe tukaziunganisha. Kila kundi lilijigawa nusu kwa nusu: nusu ya kwanza huja ukumbini siku ya kwanza, nusu ya pili siku ya pili, na kila somo hufundishwa mara 2. Walimu walinung’unika kidogo. Hakuna mlango uliofungwa.

Mama wa kuosha na kuvalisha miili, Ibanda, Bukavu

Wanangu na ndugu zangu, nimesoma yote na nimefurahi, lakini mbona masomo yetu sisi wa ndani ya morge huwekwa saa kumi na moja jioni, wakati watu wanatafuta usafiri wa kurudi? Bei za masanduku zinajadiliwa asubuhi, akili zikiwa bado zimechangamka, na mikono inayogusa maiti inasubiri mwisho. Mwaka huu ninaomba tubadilishe.

Mwaka mmoja tuliletewa mafunzo ya kuhifadhi mwili kwa formalini, ndani ya chumba kidogo chenye madirisha yaliyofungwa ili vumbi lisiingie. Haikupita robo saa macho yakawa yanatoka machozi, watu wanakohoa, na msichana mmoja mwenye mimba tukamtoa akiwa ameshikwa mabegani. Formaldehidi, ambayo ndiyo nguvu ya dawa ile, iliwekwa mwaka 2004 na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Wengi waliokuwa chumbani walikuwa wameishika kwa mikono mitupu kwa miaka. Sasa ninafundisha kwa maji yenye rangi, chini ya mti, mkono na mirija vikionekana vizuri, na dawa yenyewe ninaieleza kwa maneno: glavu, hewa ya kutosha, chupa iliyofungwa, na kipimo kisichokisiwa kwa jicho.

Somo jingine lililotufaa halikutolewa na mtaalamu. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Kivu ya Kaskazini mwaka 2018 ulipokwisha Juni 2020, ukiwa umechukua watu 2,287, tulimwomba mjane mmoja kutoka upande wa Beni aje atueleze jinsi mumewe alivyozikwa na kikosi kilichovaa mavazi ya kinga. Hakulaumu mavazi. Alisema kilichomwumiza ni kwamba hakuna aliyemwuliza jina la marehemu, na kwamba aliyemletea faraja ni kijana mmoja aliyesimama mbali, akamwambia tutamweka taratibu, mama, na wewe utaona kila hatua. Ukumbi mzima ulinyamaza. Tangu hapo kila mwaka tunamwalika mtu 1 au 2 waliofiwa, tunawalipia nauli, tunawaacha waseme bila kukatizwa, na jioni hiyohiyo tunaandika nini kitabadilika katika morge zetu.

Mweka hazina, Goma

Kwa upande wa fedha nitasema machache. Tulizoea kuweka michango benki, na Januari 2025 benki za Goma zilipofungwa kwa sababu ya vita, akiba yetu ya mkutano ilikwama humo. Tulianza upya kwa utaratibu wa likelemba: kila mwanachama anatoa kidogo kila mwezi kwa pesa za simu, laini inashikwa na mtu mmoja, namba ya siri inashikwa na mwingine. Hesabu husomwa asubuhi ya siku ya mwisho, watu wakiwa bado wapo, wala si kwa ujumbe baada ya kuachana.

Mwenye magari ya maiti, njia ya Kasumbalesa

Ongezeni somo la mipaka, nalo lipewe saa nzima. Hapa Lubumbashi tunapokea wapendwa waliofia Zambia na Afrika Kusini walikokwenda kutibiwa, na nimeona familia ikilala Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndani ya gari kwa sababu karatasi moja imekosekana. Tulipofundishana kuhusu Mapatano ya Berlin ya tarehe 10 Februari 1937, yanayoeleza kibali cha kusafirisha maiti na sanduku lisilopitisha kitu, lenye tabaka la kunyonya majimaji la sentimita 5 hivi, liwe la maranda au unga wa makaa pamoja na dawa ya kuua vijidudu, mafundi wengi walielewa kwa mara ya kwanza kwa nini sanduku zuri kwa macho linaweza kurudishwa mpakani. Tulimwalika pia mtu wa afya ya mipaka, akaja na nakala za fomu, tukazijaza pamoja penseli mkononi, wale wasiozoea kuandika wakikaa na waliozoea. Hilo lilitufaa kuliko hotuba zote za ufunguzi.

Mwanzilishi, Lubumbashi

Nimeyaandika yote. Mkutano utakuwa wiki ya pili ya Julai, mbali na siku ya wazazi; wageni waje na makoti, kwani usiku wa Julai hapa ni wa baridi. Ukumbi tutauomba kwa barua inayosema masanduku ya maiti. Mama wa Ibanda atafungua saa mbili asubuhi, siku zote 2, chini ya miembe ya uwanjani. Daftari la washiriki litafuata mfano wa Goma, na ninamwomba mama aliyeliandaa anitumie maswali yake.

Orodha ya zamu ninaifungua leo, kabla ya kulipia kiti hata kimoja. Katuba, usiku wa kwanza: mimi. Nafasi ya pili pamoja nami bado iko wazi, na anayeitaka aandike hapa chini.