Umeme wa jua ni rahisi kuliko wa gesi na makaa, mbona bili haishuki?

Msomaji wa Bili: Wakuu, kila mahali naambiwa umeme wa jua na upepo sasa ni rahisi kuliko wa makaa ya mawe, gesi au dizeli. Bili haishuki. Ni kweli, au ni maneno ya wauza paneli? Mwenye namba anisaidie.

Fundi wa Zamu: Ni kweli, mkuu. Nimelea jenereta za dizeli miaka kumi na moja kabla ya kuhamia kwenye sola. Lita moja ya dizeli, jenereta ikiwa imebeba mzigo wa kutosha, inatoa uniti tatu, ikijitahidi sana nne. Ukiiwasha usiku kucha kwa taa chache tu, inakunywa mafuta na uniti huzioni. Hapo bado oili na filta. Paneli ukishaifunga, jua halidai chochote.

Kwa mitambo mikubwa, IRENA, yaani Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, walikokotoa wastani wa dunia: mwaka 2010 uniti ya jua iligharimu kama senti 46 za dola, mwaka 2023 senti 4.4. Upepo wa nchi kavu 3.3. Mafuta, gesi na makaa kwa pamoja, karibu 10.

Karani wa Soko: Kuhusu bili: gharama ya kuzalisha si bei ya kuuzia. Kwenye masoko mengi ya jumla, mtambo ghali wa mwisho kuitwa ndio unaopanga bei ya wote, na mara nyingi ni wa gesi. Ulaya mwaka 2022, gesi ilipopaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine, hata umeme wa upepo uliuzwa kwa bei hiyo. Halafu kuna nyaya, transfoma na kodi.

Msomaji wa Bili: Nimeelewa. Na usiku je?

Fundi wa Zamu: Swali zuri, na wengi wanalikwepa. Zile senti 4.4 hazina betri ndani. Betri za mitambo mikubwa zimeshuka kwa karibu asilimia 90 tangu 2010, kwa hiyo kuhamisha jua la mchana hadi saa tatu usiku kunalipa sehemu nyingi. Mawingu ya wiki nzima ni hesabu nyingine kabisa.

Ila kinachoniuma zaidi ni riba. Dizeli unalipa kidogo kidogo. Sola unalipa karibu yote mwanzoni, kwa mkopo. Nimeona mradi mzuri ukifa kwa riba tu, paneli zikiwa zimeshachaguliwa, na jenereta ikaendelea kunguruma palepale.